Ndoo Arobaini za Heshima

Mwanamke waliyemwita Bibi Kamba alikuwa na kazi mbili kila alfajiri: kumwosha mumewe na kupima kisima. Zote mbili alifundishwa na mume huyohuyo, tena kwa matusi. Mzee alikuwa mchimba visima, na hicho cha mtaani alikichimba mwenyewe enzi mgongo wake ulipokuwa bado mgongo. Baadaye kisima kingine kilimporomokea. Wakamtoa nusu hai, na nusu hiyo ikalala kitandani mwaka wa sita sasa. Ngozi ya mtu wa kulala haitaki mchezo. Ikikosa maji siku mbili tatu, inachanika kama karatasi.

"Kufa nitakufa," alimwambia mkewe, "lakini usiniache ninuke."

Kupima kulikuwa kazi nyepesi. Kamba ina fundo kila mkono mmoja, na jiwe mwishoni. Unateremsha, unahesabu mafundo mpaka jiwe liguse maji, unaandika kwenye daftari. Daftari lilitoka kiwanda cha soda kule juu, kilichokuwa kikinyonya maji ardhini usiku na mchana kama mtoto asiye na mpango wa kuacha ziwa. Kiwanda kilikuwa na bwana wake mwenye kofia pana, wa kuwaeleza watu kwamba kila tone wanalochukua wanalirudisha: wamechimba mitaro kilimani, wamepanda miche, mvua ikinyesha itazama ardhini iteremke mpaka kisimani. Watu wa mtaa wakamwita Bwana Kila Tone. Mpango ulikuwa mzuri, ila mvua hawakuishirikisha. Kwa mwaka mmoja kamba ilitoka mafundo manane ikafika kumi na mawili, na Bibi Kamba akayaandika yote. Mwandiko wake wa darasa la nne ulikuwa mbaya, lakini haukuwa mwongo.

Jumanne moja Bwana Kila Tone akaleta habari: Ijumaa wanakuja wakaguzi kutoka mbali, watakiangalia kisima. Zaidi ya hapo hakusema, na hakuna aliyemwuliza. Wanawake walisikia neno moja tu, wageni, wakaanza kuhangaika. Mama Pacha, jirani mwenye ulimi wa kuamrisha hata mvua, alisema kumwonyesha mgeni tope chini ya kisima ni sawa na kumkaribisha mezani umfunulie sufuria tupu. Wakakubaliana: siku mbili asichote mtu, maji yajikusanye, na Alhamisi waende mtoni, ng'ambo ya machimbo ya mawe, walete ndoo arobaini wazimimine humo.

Mzee aliposimuliwa alicheka mpaka akakohoa.

"Mnakivalisha kisima shela. Kisima hakina haya, mama. Wenye haya ni nyinyi."

"Nyamaza. Utaoga Ijumaa."

"Uambie mgongo, mimi nimeshasikia."

Siku zile mbili alimfuta kwa kitambaa chenye unyevu tu. Ijumaa asubuhi kamba ikasema mafundo tisa.

Mkaguzi mkuu alikuwa mwanamke wa makamo, miwani ikining'inia kifuani. Aliamkia vizuri, akateremsha kipimo chake mwenyewe, akakisifu kisima, kisha akafungua daftari. Jumanne mafundo kumi na mawili, Ijumaa tisa. Akamgeukia Bibi Kamba.

"Mama, haya maji yamepanda yenyewe?"

Nyuma ya Bibi Kamba walisimama wenzake, shingo bado zinauma kwa ndoo. Siri ya mtungi aijua kata, na kata ilikuwa yeye. Kusema kweli pale ilikuwa kuwavua nguo wote mbele ya mgeni. Halafu, tusifichane, ilimpendeza kuona mgeni akikisifu kisima cha mumewe.

"Yamepanda," akasema.

Mwezi uliofuata mtambo wa kuchimba ukapanda kwenda kiwandani. Bwana Kila Tone alikuja mwenyewe kushukuru: wakaguzi walitaka kwanza ushahidi kwamba kilima kinarudisha maji, ndipo waruhusu kisima cha pili cha kiwanda, na ushahidi wameupata hapa. Wanawake walimsikiliza kama kuku walionyeshewa na mvua. Bibi Kamba akatia kamba begani, akaenda mpaka geti la kiwanda, akaeleza yote, ndoo kwa ndoo. Yule bwana alisikiliza kama mwenye jino bovu, kisha akatoa nakala ya ukurasa.

"Mama, huu si mwandiko wako?"

Ulikuwa wake.

Aliporudi, mzee alisema, "Mgeni njoo, mwenyeji akauke," na hakutania tena siku hiyo.

Mafundo yakawa kumi na manne, yakawa kumi na saba. Asubuhi moja jiwe likapanda na vumbi. Tangu hapo ni mto tu, na ndoo moja ya safari ndefu ina wenyewe: chungu, koo, na tone la mwisho ndilo la mgongo wa mzee. Vidonda vikafunguka. Hakumgombeza, angegomba ingekuwa nafuu. Kila asubuhi aliuliza mafundo mangapi leo.

"Tisa," mkewe alijibu.

"Tisa hiyo naijua," mzee akasema, akageuzia uso ukutani.

Alikufa wakati wa mawingu matupu, na alikuwa ananuka, na wote wawili walilijua hilo kabla hajafumba macho.

Kiwanda kilituma rambirambi: katoni sita za maji ya chupa. Bwana Kila Tone alizibeba mwenyewe, kofia kwapani. Mama Pacha alitaka kuzitupa barabarani. Bibi Kamba akamwambia aziingize ndani, arudishe mlango, amsaidie kumgeuza.

Maji yalikuwa safi, ya baridi. Alianzia mgongoni, taratibu, vizibo vikidondoka sakafuni kimoja kimoja. Harufu ilipopungua hakuacha. Akafungua chupa nyingine.