Insha Isiyo na Wino Mwekundu

Dale Hoekstra aliigeuza insha yake mezani kwangu ukurasa mmoja mmoja, kama anayetafuta kitu alichodondosha. Hakukuwa na kitu, ila A moja kubwa mwishoni.

"Profesa, umeisoma kweli?"

"Nimeisoma. Nzuri."

"Ya mwenzangu Wendell umeichanachana kwa wino mwekundu. Na yeye ni wa chama chako."

Ilikuwa vuli ya uchaguzi, hapa Iowa. Bango la mgombea wangu lilisimama kwenye nyasi za mbele ya nyumba yangu, kando ya njia ya wanafunzi kwenda bwenini. Mwaka uliotangulia, kwenye fomu za kutathmini walimu ambazo wanafunzi hujaza bila majina, nasi tukiwa tumetolewa nje ya darasa, mmoja aliandika: "Ukitaka A kwa Mama Brandvold, mpigie kura mtu wake." Maneno yale yaliniuma. Niliapa hakuna atakayeyasema tena.

Dale, mtoto wa wafuga nguruwe, alikuwa wa chama kile kingine. Aliandika kwamba kupandisha kima cha chini cha mshahara kuliua ajira katika kaunti yao. Ushahidi wake wote, ukurasa wa tatu, ulikuwa wa mwaka mmoja tu, mwaka wa mafuriko, ambayo yenyewe yangeweza kuua ajira hizo. Nililiona kosa. Nilishika kalamu, kisha nikaiweka chini.

"Ijumaa naipeleka Chicago, kwenye usaili wa ufadhili wa masomo ya sheria," alisema. "Kama ina tobo, niambie sasa. Sitanuna."

"Dale, wenzako wakipata A hushukuru."

"Mimi nimekuja tubishane."

"Iko sawa," nikamwambia.

Jumatatu alirudi mikono mitupu. Jopo la usaili lilimuuliza kuhusu mafuriko. Alihamia kiti cha nyuma, na hakunyoosha mkono tena hadi muhula ulipoisha. Bango nililing'oa mwenyewe. Halikuwa na kosa lolote. Mwoga nilikuwa mimi.

Januari mkuu wa idara aliniletea bahasha ya fomu akitabasamu. "Hongera, Ingrid. Safari hii hakuna hata mmoja aliyesema unapendelea."

Nilizisoma zote. Moja, isiyo na jina kama nyingine, ilikuwa na mstari mmoja wa wino mwekundu: "Ukurasa wa tatu. Uliona, si ndiyo?"

Miaka kumi na tisa imepita, na fomu ile bado iko kwenye droo yangu. Chini ya swali lake nimeandika, kwa wino uleule: Niliona.