Maneno ya Mwisho ya Mbiu

Ursula Tuckwell alikuwa akikata jibini sokoni aliposikia mumewe akijitia kitanzi kwa mdomo wake mwenyewe.

Ambrose alikuwa mpiga mbiu wa mji tangu ujana. Asubuhi ile Meja Hendry, aliyetumwa na jeshi kuutawala mkoa, alimpa tangazo: mbio za farasi marufuku, kupiganisha majogoo marufuku, na vilabu vya pombe vipunguzwe. Ambrose akagonga kengele, akasoma vizuri kabisa. Halafu ulimi ukajiendea njia yake ya zamani.

"Mungu amlinde Mfalme!"

Mfalme gani, jamani? Walishamkata kichwa, na England sasa ni jamhuri. Soko zima likageuka kumtazama Meja.

Meja alikuwa hapo hapo. Askari wake walikuwa mtoni wakinywesha farasi.

"Nimesikia," akasema. "Lakini sheria inataka mashahidi wawili. Nani mwingine amesikia?"

"Sikio langu hili bovu, Bwana Meja," akasema mwoka mikate.

"Na lile lingine?"

"Hilo ndilo limeoza kabisa."

"Mimi nilikuwa napiga chafya," akadakia muuza bata.

Meja akamgeukia Ursula. "Na wewe, mama?"

"Mimi ni mkewe. Niliacha kumsikiliza siku nyingi."

Watu wakacheka. Meja hakucheka. Angetaka, angemtupa mzee gerezani, na nani angemuuliza, upanga ukiwa kiunoni? Lakini Meja huyu, fundi ngozi kabla ya kuwa mwanajeshi, alikuwa amepigana vita ili mtu yeyote asiwe juu ya sheria, na hakutaka kuikalia yeye. Ursula hakuwapenda wanajeshi hata kidogo, ila huyu alimheshimu tangu pale.

"Shahidi mmoja, hakuna kesi," akasema Meja. "Soma upya, mzee. Na umalizie na Jamhuri, kama ilivyoandikwa."

Askari nao walikuwa wamerudi. Akiteleza tena, mashahidi watakuwa tele.

Ambrose akasoma. Akafika mwisho.

"Mungu a..." Jasho likamtoka. "Mungu am..."

Ursula akafumba macho. Ee Bwana, mshike huyo ulimi.

"Mungu atulinde sote!"

Hakumtaja Mfalme, wala Jamhuri. Askari wakamtazama mkubwa wao. Na Meja Hendry, ambaye hakuwahi kumvulia kofia bwana yeyote wa nchi ile, akaivua.

"Amina," akasema.