Upawa wa Zaara kwenye Ubao wa Wachimbaji

Dhahbia, jirani wa ukuta kwa ukuta, anasema vumbi lilisimama.

Anasema Jumanne ile, baada ya sala ya alasiri, vumbi jeupe la fosfeti lilikuwa likipita zake barabarani kama lipitavyo siku zote hapa Redeyef, mji wetu wa migodi, bila hodi, bila haya. Zaara mke wa Khmayes akatoka mlangoni, upawa mkononi, na vumbi likasimama, likajigawa, likampisha kama bibi harusi. Anasema Zaara aliingia ukumbi wa wazee bila salamu, akautundika upawa kwenye ubao wa wachimbaji, akageuka, akarudi kwake. Na wazee thelathini wakabaki mle ndani kama kuku waliofungiwa bandani.

Dhahbia hajawahi kupakua habari pungufu. Zaara mwenyewe anasema vumbi halikusimama, na salamu alitoa. Hayo mengine, anasema, hayo mengine ni kweli.

Basi tuanze na vumbi, maana Zaara alianza nalo.

Vumbi la mume. Vumbi la kola, vumbi la kwapa, vumbi la kisigino cha soksi. Miaka thelathini na minne Khmayes alishuka mgodini akiwa mtu, akapanda akiwa unga. Na miaka thelathini na minne Zaara alimpokea mlangoni, akauvua unga, akamrudisha mtu. Fua, kamua, anika. Maji ya kwanza mazito kama uji, ya pili meupe kama maziwa, ya tatu unauona mkono wako. Fua, kamua, anika. Na nguo haijakauka, vumbi la barabarani limeshafika kuijulia hali.

Chini ya beseni, maji yakishamwagwa, vilibaki vitu. Vidogo, vyeusi, vingine rangi ya asali, vyenye ncha, vinang'aa kama vimepakwa mafuta. Vilitoka mifukoni, vilitoka kwenye mikunjo ya suruali.

"Mawe tu hayo, tupa," alisema Khmayes.

Zaara hakutupa. Jiwe halijui kujinoa, aliwaza. Hiki kimenolewa, na aliyekinoa alikuwa na sababu. Akavitia kwenye kopo la maziwa ya unga la mtoto wake Nejib. Nejib akakua, akaoa, akaenda zake Sfax, kopo likajaa.

Kisha Khmayes akastaafu.

Mungu awape subira wanawake wote ambao waume zao wamestaafu. Alisimama jikoni kama msimamizi wa zamu. Aliuliza kwa nini kitunguu kinatangulia nyanya. Alikagua mtungi wa gesi mara nne kwa siku. Alikiondoa kiti njiani, kwa usalama, akajikwaa pale pale alipokihamishia.

"Mama Nejib, mfuniko huo haujakaa sawa."

"Mfuniko umekaa sawa tangu Nejib hajazaliwa, Baba Nejib. Wewe ndiye hujakaa."

Kwa hiyo lilipofunguliwa darasa la wastaafu kwenye ukumbi wa zamani wa wafanyakazi, Jumanne na Alhamisi, wake wa mtaa mzima waliwapeleka waume zao kama mama apelekavyo mtoto siku ya kwanza ya shule: wameogeshwa, wamechanwa nywele, wamefungiwa mkate na harisa ya pilipili. Mwalimu alikuwa Tijani, mwalimu mkuu mstaafu, aliyewachapa watoto wao wote kwa zamu. Sasa alikuwa na baba zao mbele yake, na mkono ulimwasha.

Siku ya kwanza hakukaa mtu. Wazee thelathini walisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Karibuni, kaeni," alisema Mwalimu Tijani.

"Ubao uko wapi?"

Akawaonyesha ubao wa chaki.

"Si huo, Mwalimu."

Maana mgodini hushuki mpaka umetundika msumarini kipande chako cha shaba chenye namba. Ukipanda, unakitoa mwenyewe, kwa mkono wako. Kipande kikibaki, mtu yuko chini; na mtu akiwa chini, hakuna aendaye nyumbani. Wala cha mwenzako hukigusi. Kukitoa ni kumzika.

Basi wakapigilia ubao ukutani, na vipande vyao wakavitoa walikokuwa wamevificha, kwenye droo, chini ya mito, shingoni. Misumari thelathini kwa watu thelathini. Na mmoja zaidi, wa thelathini na moja, ambao hakuna aliyeamuru upigiliwe na hakuna aliyeuliza. Ulikuwa wa Belgacem, aliyefia shimoni. Kipande chake kilining'inia siku tatu, zamani zile, na zamu nzima ikakaa mdomoni mwa shimo siku tatu, haikwenda nyumbani. Belgacem alikuwa kaka yake Zaara.

Alhamisi moja Khmayes alirudi darasani kifua mbele.

"Unajua, Mama Nejib, kwamba hapa palikuwa bahari?"

"Hapa wapi?"

"Hapa ulipokaa."

"Nimekaa juu ya godoro."

"Chini ya godoro, mwanamke! Mamilioni ya miaka. Papa walikuwa wakipita hapa, wakubwa kama basi la Gafsa. Wakafa, wakalala, mifupa yao ikawa fosfeti. Lile vumbi letu lote, ile ni bahari imekauka."

Zaara akaweka chini bilauri ya chai.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa nafua bahari."

"Ndivyo."

"Miaka thelathini na minne. Na hakuna aliyeniambia."

"Nani angekuambia? Sisi wenyewe tumejua leo."

"Na huyo papa, alikuwa na meno mangapi?"

"Mengi."

"Mengi mangapi?"

Khmayes akakuna shingo. "Pale nilisinzia kidogo."

Hivyo ndivyo alivyoleta elimu, kama alivyoleta vitu vya sokoni: nusu imesahauliwa njiani, nusu imepondeka. Na Zaara akataka jambo moja tu, alilitaka mchana, alilitaka jioni, alilitaka mikono ikiwa ndani ya unga wa mkate: kukaa kwenye benchi lile, na kuyasikia hayo mengine kwa masikio yake mwenyewe.

Jumanne iliyofuata akaenda. Mwalimu Tijani, mtu wa haki na wa kalamu, akavuta fomu. Jina. Kazi. Mwaka wa kustaafu. Sahihi ya mwajiri.

"Umestaafu lini, Mama Nejib?"

"Sijastaafu."

"Basi darasa hili ni la waliostaafu. Ningeweza ningekuandika, wallahi. Lakini fomu ni fomu."

Sauti ikatoka nyuma: "Huyu akistaafu, Khmayes atakula chaki!"

Wakacheka. Wakacheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, kile kikohozi cha mgodini kipitacho benchi kwa benchi kama sahani ya tende. Khmayes naye alicheka. Zaara alicheka kwa midomo tu, akaenda nyumbani. Fua, kamua, anika. Wiki nzima: fua, kamua, anika. Na alipokuwa akianika, akitundika shati moja baada ya jingine, ndipo alipolijua la kufanya.

Jumanne ya upawa ndiyo hiyo. Aliingia, akatoa salamu, akautundika kwenye msumari wa thelathini na moja, akarudi kwake kubandika chai kwenye makaa.

Somo likaisha. Mzee mmoja mmoja akapita, akatoa kipande chake, akakitia mfukoni. Thelathini vikatoka. Upawa ukabaki.

Hakuna aliyeuvuka mlango.

"Ni upawa tu, jamani," alisema Mwalimu Tijani, ambaye hakuwahi kushuka shimo lolote, akanyoosha mkono.

"Usiguse!" Sauti thelathini. Mkono ukarudi kama umeshika sufuria ya moto.

"Mwenyewe yuko nyumbani! Moshi wa makaa yake si ule pale?"

"Moshi tunauona, Mwalimu. Na msumari tunauona."

Kisha wakautazama vizuri ule msumari, wa nani, na nani katundika hapo. Kofia zikavuliwa. Vipande vikarudishwa ubaoni, ting, ting, ting, na wazee wakakaa tena.

Khmayes akapiga simu.

"Mama Nejib, njoo utoe upawa wako."

"Niko chini, Baba Nejib."

"Uko nyumbani! Naona moshi wako!"

"Ubao unasemaje?"

Khmayes akautazama ubao. Sauti ikamshuka.

"Ubao unasema uko chini."

"Basi."

Sufuria za mtaa zikaanza kupoa. Kuskusi ikashikana. Wake wakatoka wakiuliza, wakajaa madirishani mwa ukumbi, na Dhahbia mbele, pua kwenye kioo. Jua lilikuwa limeinama, adhana ya magharibi iko karibu, Zaara alipofika na kopo kwapani. Wakampisha. Hao walisimama kweli, hata kama vumbi halikusimama.

Hakwenda ubaoni. Alikwenda mezani, akalipindua kopo.

Yakamwagika kwa mlio wa mvua ya kwanza. Meno. Meno mamia, ya asali na ya usiku, membamba kama sindano, mapana kama kidole gumba. Mwalimu Tijani akalishika moja, akavua miwani, akaivaa tena.

"Wiki mbili nawachorea papa kwa chaki," akasema polepole, "na papa mwenyewe yuko kwenye kopo la maziwa."

"Yametoka mfukoni mwa Baba Nejib," alisema Zaara. "Alikuwa akiniletea kila siku. Hakujua tu."

Mwalimu akaivuta fomu, akaandika bila kuuliza. Kazi: kufua bahari. Mwaka wa kustaafu: huu, inshallah. Akafika mwisho, akasita, kisha akaisukuma karatasi mezani kuelekea benchi la pili. Sahihi ya mwajiri.

Wazee ishirini na tisa wakamgeukia Khmayes. Na madirishani kila mke akamtazama wa kwake, kwa makini, kama atazamavyo kitambaa kabla ya kukata. Wa nyuma, yule wa mzaha wa chaki, akajificha kwenye kofia.

Khmayes akashika kalamu. "Na chakula?"

"Fomu haina sehemu ya chakula," alisema Mwalimu.

Jua la mwisho likaingia dirishani, likayagusa meno, na vumbi likaonekana. Lilikuwa hewani muda wote. Likielea, likigeuka, likipanda na kushuka pale kwenye mwanga bila haraka, kundi kwa kundi, kama vitu vyenye mapezi. Na wazee thelathini wamekaa chini yake, shingo zimeinuliwa, kama watu waliokaa sakafuni mwa maji. Zaara alilitazama likipita. Hili hakulifua. Hili aliliacha lipite.

Akaketi pembeni mwa benchi, nusu kitako, kama mgeni ambaye hajaambiwa karibu.

"Baba Nejib," akasema, "naomba unistaafishe."

Khmayes aliitazama kalamu. Akalitazama jino lililokuwa karibu na kidole chake. Akautazama msumari wa Belgacem, na upawa ukining'inia, na hakuna aliyekwenda nyumbani.