Friji Ilimwita Nani

Barua yenyewe ilikuwa na aya mbili tu. Ya kwanza ilisema kwamba chanjo za watoto mia mbili na arobaini ziliharibika katika zahanati yetu kwa uzembe wa muuguzi wa zamu. Ya pili ilisema kwamba muuguzi huyo, yaani mimi Mwanasha, nilitumiwa ujumbe wa tahadhari nisiupate, kwa sababu nilikuwa natumia laini ya simu ya Tanzania. Nilipewa siku kumi na nne nieleze kwa nini nisisimamishwe kazi. Miaka ishirini na mitatu nimechanja watoto wa huku Jego, mpakani mwa Kenya na Tanzania, wengine wameshakua na sasa wananiletea watoto wao, halafu mtu anakaa ofisini anaandika uzembe na kutia sahihi chini yake.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kila mtu aliamini. Na kwa nini wasiamini? Huku kwetu ukiiweka simu dirishani inashika mtandao wa ng'ambo bila kuulizwa, na nusu ya watu wana laini mbili. Mimi pia ninazo, maana binti yangu ameolewa Moa, upande wa pili wa mpaka. Hakuna nyumba ambayo haijawahi kukosa habari ya harusi au ya msiba kwa sababu laini ya Kenya ilikuwa imezimwa. Kwa hiyo habari za barua zilipoenea, majirani waliguna tu, wakanipa pole, wakasema mambo ya laini hayo. Nikiri kwamba hata mimi nilianza kujishuku.

Lakini nilikumbuka nilichoandika. Lewis, fundi wa kampuni iliyotuletea mtambo wa kuchunga joto la friji ya chanjo, alipokuja kutoka Nairobi kufunga kompyuta ndogo yenye betri yake kando ya friji, alinieleza kwamba joto likipita nyuzi nane kompyuta itatuma ujumbe kwenye namba iliyoandikwa katika faili la mipangilio. Akanionyesha faili lenyewe, mistari michache ya maandishi ya kawaida: jina la zahanati, joto la juu, joto la chini, simu. Akaniambia niandike namba yangu. Nikamwambia huku kwetu namba moja haitoshi. Niliandika mbili, ya Kenya na ya Tanzania, naye amesimama pale pale ananitazama, akasema sawa sawa.

Siku ya mkasa ilikuwa Jumatano. Nilikuwa Majoreni na kisanduku cha baridi, nachanja watoto wa huko. Waya wa sola unaolisha friji ulichomoka zahanati kwenye saa tatu asubuhi. Simu yangu ilikuwa mfukoni, laini zote mbili ziko hewani, na binti yangu alinipigia mara mbili nikamsikia vizuri. Niliporudi alasiri, kipimo cha friji kilisoma nyuzi kumi na tisa. Chupa nilizitoa mwenyewe, ripoti niliiandika mwenyewe, na kuipeleka niliipeleka mwenyewe. Ni mzembe gani anayejishtaki?

Kisha ikafika siku ya kliniki. Bwana Garama, msimamizi wa chanjo aliyeniandikia ile barua, alisimama kibarazani akawaambia akina mama kwamba chanjo hakuna mpaka mwezi ujao, na wakitaka sababu wamuulize nesi wao na laini zake. Alikuwapo Jumwa, mama wa pacha, aliyetoka vijiji vya bara alfajiri kwa miguu, mtoto mmoja mgongoni na mmoja kifuani. Alinitazama tu, akawafunga watoto wake upya, akarudi alikotoka. Hasira niliyoipata siku ile sijaimaliza mpaka leo.

Nikampigia simu Twaiba, mtoto wa kaka yangu, anayetunza kompyuta za hoteli moja kule Galu. Alikuja Jumapili, akaniamkia, akaiacha chai ipoe, akaketi mbele ya kile kikompyuta. Neno la siri halikumsumbua, kwa sababu Lewis alilibandika nyuma yake kwa plasta ya zahanati yangu. Kwanza alilifungua faili. Namba zangu mbili zilikuwemo, safi, na tarehe ya kuhifadhiwa ilikuwa ile ile ya siku mtambo ulipofungwa. Kisha akaifungua programu yenyewe, ile inayolisoma faili, akaipitia mstari kwa mstari.

"Shangazi," akasema, "programu hii inasoma mipangilio mara mbili. Kwanza inafungua faili lako na kuzichukua namba zako. Halafu inasoma maneno mengine ambayo fundi ameyaandika humu humu ndani ya programu, kati ya alama za kunukuu. Ni ya kujaribia, nayo yana mstari wa simu. Kinachosomwa mwisho ndicho kinachoshika."

Nikamuuliza kama niliandika bure.

"Uliandika vizuri. Ilikusoma, kisha ikakufuta."

Alinieleza kwamba kuweka maneno ya majaribio ndani ya programu si kosa. Mafundi wote hufanya hivyo ili waone kama kitu kinafanya kazi kabla faili halijawa tayari. Kosa ni kuyasahau mle, tena baada ya faili badala ya kabla yake. Mimi nikaona ni sawa na fundi cherehani aliyekupima kwa makini mpaka kifundo cha mkono, halafu akakata kitambaa kwa vipimo vya mteja wa jana. Namba iliyokuwemo hatukuijua. Twaiba alitaka kuipiga, kisha aufute ule mstari. Nikamkataza yote mawili, maana tungegusa hata herufi moja wangesema tumechezea mtambo wao. Nilitaka friji yenyewe iite.

Kikao cha kunihoji kilikuwa Jumanne, hapo hapo zahanati. Alikuja Bwana Garama na faili langu la kazi kwapani, na Lewis akaletwa kama mtaalamu. Twaiba aliomba ruhusa kazini akaja kuketi nami. Lewis alieleza kwa urefu jinsi mtambo ulivyo imara, akamalizia akinitazama mimi.

"System iko sawa kabisa, madam. Shida ni line yako tu."

Nilimwomba Bwana Garama tuujaribu mtambo mbele ya macho yake. Friji ilikuwa tupu, kwa hiyo hakukuwa na cha kuharibika. Aliangalia saa yake, akakubali. Niliiweka simu yangu juu ya meza, laini zote mbili ziko hewani. Kisha nikaitoa ile ncha ya kupimia joto ndani ya friji, nikaitumbukiza kwenye kikombe cha chai ya moto.

Tulingoja. Simu yangu ilikaa kimya. Mfuko wa shati la Lewis ukatetemeka. Hakuutazama. Ukatetemeka tena.

"Bwana Lewis," nikamwambia, "friji inakuita."

Bwana Garama akanyoosha mkono, akakabidhiwa ile simu. Ujumbe ulikuwa na jina la zahanati yetu na nyuzi sitini na moja. Akapandisha skrini kwa kidole, na juu yake zilikuwepo jumbe za ile Jumatano, kumi na moja, kuanzia saa tatu na nusu asubuhi mpaka alasiri. Zote Lewis alikuwa amezifungua. Alisema alidhani ni za majaribio.

Hapo ndipo niliposikia jambo lililonichoma kuliko barua. Bwana Garama alikohoa, akasema alhamdulillahi ukweli umejulikana, sasa tuyaache, na barua nisiihesabu. Nisiihesabu, na huku imo ndani ya faili langu! Nikamwambia sikubali.

"Ulinilaumu kwa maandishi na mbele ya watu. Utanisafisha kwa maandishi na mbele ya watu."

Alisema huo si utaratibu. Twaiba akamwambia kwa adabu kwamba ameshazipiga picha zile jumbe kumi na moja, na utaratibu ukapatikana.

Siku ya kliniki iliyofuata, chanjo mpya zilipofika, Bwana Garama alisimama kibarazani pale pale akasoma barua ya pili, haraka, na sauti chini. Akina mama walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nawahesabu, na Jumwa hakuwemo.

Kesho yake nilitia chanjo kwenye kisanduku cha baridi, nikaikunja barua, nikaenda bara kumtafuta. Nilimkuta anapura mahindi, pacha wamelala kwenye mkeka. Nilimwambia nimekuja kuwachanja watoto na kumsomea barua. Akamwinua wa kwanza, akampakata, nikamchanja.

"Barua yako nimeshaisikia," akasema. "Yule aliyeitwa na friji asiitike, yeye ameandikiwa ya kwake?"

Nikamwambia bado.

"Basi irudishe mfukoni, sista. Utanisomea zote mbili siku moja."

Akamgeuza wa pili. Nikapangusa paja lake kwa pamba, nikamchanja.