Firigisi ya Mkwe

Kaka yangu Edgar ana ugonjwa usio na tiba: akiambiwa mambo kumi, hushika moja linalompendeza na mengine huyaacha yapite. Mwaka huu alishika "bakteria wazuri".

Maneno hayo aliyapata kwenye semina ya wafugaji, Kayanga. Mtaalamu wa mifugo aliwaambia waache kuwanywesha kuku antibiotiki ovyo, maana vijidudu vya salmonella vinazizoea, halafu mtu akiugua dawa hazimsaidii. Zipo njia nyingine, akasema: chanjo, siki kidogo kwenye maji, bakteria wazuri kwenye chakula. Ila kwanza banda liwe safi, panya wasiingie, vyombo vya maji vioshwe kila siku. Najua kwa sababu binti wa Edgar, Vero, alikaa ubavuni mwa baba yake akasikia yote.

Edgar akarudi Bugene akicheka peke yake. "Avelina, kumbe wanachotuuzia ni rubisi yetu wenyewe! Imechacha, ina bakteria. Wanataka nini tena?"

Basi akaanza kuwanywesha kuku hiyo pombe ya ndizi. Mitetea wakapepesuka, jogoo akawika saa saba mchana, na bwana mkubwa Edgar akasimama mlangoni mwa banda kifua mbele. Vyombo vilikuwa na utelezi wa kijani. Panya walikatiza bandani kama wamekaribishwa. Vero aliposhika brashi aoshe, baba yake alimfokea.

"Utaniulia bakteria wangu!"

"Baba, utajuaje wako ni wepi na wa salmonella ni wepi?"

"Nyamaza. Mtu unakaribia kuolewa, unifundishe mimi ufugaji?"

Alikuwa anakaribia kuolewa kweli, ilimradi baba yake asiharibu. Mchumba wake, Celestin, ni kijana mtulivu wa Nyakahanga, na Vero alimpenda mpaka mimi shangazi yake nikawa naona haya kumtazama akipokea simu. Kilichobaki ni baba mkwe, mzee Theoneste, kuja kupanga siku ya harusi.

Akaja Jumamosi. Kwetu firigisi ni ya mgeni wa heshima, na mgeni akiikataa amemdharau mwenye nyumba. Edgar akaingia jikoni akainyakua firigisi ambayo ndiyo kwanza nilikuwa nimeiweka motoni.

"Kaka, bado hiyo."

"Kuku wangu hawajui dawa," akajibu. "Hii hata mbichi inalika."

Akampelekea mzee wa watu kitu chekundu ndani. Mzee akakitazama, akamtazama Vero, kisha akatafuna. Alitafuna kwa ajili ya binti yetu, na mimi nikabaki na mwiko mkononi, nikitamani kumpiga nao kaka yangu mbele ya wageni.

Kesho yake mzee alikuwa hospitalini, anaharisha, anatapika, homa imempanda. Alipopimwa ikaonekana ni salmonella. Edgar akadai labda alikula kitu njiani, kwani kuku wake hakuna hata mmoja anayeumwa. Muuguzi akamweleza kwamba kuku anaweza kubeba vijidudu hivyo akiwa mzima kabisa. Msomi wetu wa semina akatikisa kichwa kwa kumhurumia muuguzi.

Vero alihamia wodini. Alifua mashuka ya mzee, akamnywesha uji kijiko kwa kijiko, akaenda kulia nyuma ya jengo akidhani simwoni. Aliamini harusi imekwisha.

Siku mzee alipoweza kukaa, kaka yangu akaingia wodini na koti lake la kanisani.

"Shikamoo, mzee. Ile habari ya siku ya harusi, tuliishia wapi?"

"Marahaba. Tumeshapanga na binti," mzee akasema polepole. "Tunamchukua, tena tunashukuru. Ila atatokea nyumbani kwa shangazi yake. Kwako hatutakula tena."

Binti kutolewa kwingine wakati baba yake yu hai, nyumba yake ipo! Edgar akamgeukia Vero amtetee.

Vero alikuwa anakunja shuka.

"Siku hiyo utakaa na wageni, baba," akasema.

Hakuinua macho.