Leta Neno Moja

Kalamu nyekundu ya mkurugenzi ilikwenda moja kwa moja hadi mstari wa nne, ikalikata neno "inatetemeka", ikashuka kulikata "inayumba", kisha ikarudi juu kulimaliza "inanesa" lililokuwa limejibanza pembeni. Alipoinua uso, barua ilifanana na kichwa cha mtoto aliyenyolewa na mzazi mwenye haraka.

"Sasa mimi nishike lipi?" akauliza. "Huyu anasema sakafu inatetemeka. Huyu inayumba. Yule inanesa. Ni sakafu au mlevi? Watu walioona kitu kimoja hukisema kwa neno moja. Wakileta matatu, hawajaona kitu."

"Bosi, wanasema jambo lilelile," karani akajibu.

"Basi waliseme kwa neno lilelile. Leta neno moja nitie saini, barua iende kwa mhandisi wa manispaa. Iwe kabla ya saa tisa. Kesho nasafiri wiki mbili."

Karani akaiokota karatasi yake. Hiyo ilikuwa barua ya tatu. Ya kwanza ilirudishwa kwa kukosa tarehe. Ya pili ilirudishwa kwa sababu tarehe ilikuwapo, ila ilikuwa imepita. Na iliyoipitisha ni droo ya mkurugenzi mwenyewe. Miezi miwili sasa tangu mashine ya kukunja mabati isimikwe ghorofa ya chini, na watu kumi na tisa wanashona sare za shule ghorofa ya pili, juu yake. Mkurugenzi aliketi ng'ambo ya uwanja, katika kijumba kisicho na ghorofa, ambamo hata chai kwenye kikombe ilitulia kama imeshushiwa amri.

Karani alipanda ngazi akizihesabu hasira zake kwa vidato. Juu, akapiga makofi.

"Jamani, nisikilizeni. Bosi anataka neno moja."

"La kumtukana?" akadakia fundi pasi. "Ninayo mengi, achague."

"La sakafu!"

Shangazi wa Vifungo, mkongwe wa chumba kile, hakuinua macho kutoka kwenye shati alilokuwa akilishona kando ya dirisha. "Mwanangu, andika inatetemeka. Umeshaona mtu mwenye homa? Ndiyo hivyo. Vifungo vyangu vinatembea kwenye sahani vyenyewe. Vingine nimeshavipa majina."

"Mwenye homa ukimfunika blanketi anatulia, Shangazi," mkata vitambaa akapinga kutoka mlangoni pa ngazi. "Huku kwangu panayumba. Nakata mstari ulionyooka, kitambaa kinatoka na kiuno."

"Kiuno hicho ni chako, usiisingizie sakafu!"

Chumba kikaangua kicheko. Fundi pasi, ambaye meza yake ilikuwa katikati kabisa, akasubiri kiishe. "Inanesa," akasema. "Kama kitanda cha chuma kilichozeeka. Nikikanyaga inashuka, nikiondoka inapanda."

"Na wewe, Dada Kola?"

Dada Kola, mshonaji wa kola, alikaa kando ya nguzo, na hakuwa mtu wa maneno mengi. "Kwangu inacheza," akasema. "Kama jino. Jana nimepenyeza ncha ya mkasi kati ya sakafu na nguzo. Ikaingia."

Hakuna aliyecheka.

"Tuseme inatikisika, basi," karani akabembeleza. "Neno pana, linawabeba wote."

"Mti ukitikisika hudondosha matunda," Shangazi akasema. "Ukimwandikia hivyo yule, atakuja na kapu."

Hapo karani akapandwa na jazba. "Kwani mnashindwa nini? Neno moja tu! Ninyi wenyewe ndio mnaoifanya barua irudi!" Maneno yalipomtoka aliyasikia, akaitambua sauti. Haikuwa yake. Ilikuwa ya kule ng'ambo ya uwanja.

Chini, mashine ikabamiza bati.

Mikono yote kumi na tisa ya kulia ikainuka kutoka kwenye vitambaa, ikangoja hewani, kisha ikarudi kazini. Hakuna aliyeamuru, hakuna aliyemtazama mwenzake. Walifanya vile kama mtu anavyofumba jicho vumbi linapokuja. Karani alikuwa ameiona mikono ile ikiinuka mara mia, akadhani ni mazoea ya ushonaji.

Akakaa juu ya kreti la nyuzi, akaigeuza barua upande wake mweupe na kuchora chumba: madirisha, mlango wa ngazi, nguzo. Pale alipoketi Shangazi akaandika *inatetemeka*. Mlangoni, *inayumba*. Katikati, *inanesa*. Kwenye nguzo, *inacheza*. Maneno hayakuwa yakigombana kamwe. Kila moja lilikuwa limekaa mahali pake. Yeye na bosi wake walikuwa kama daktari anayemwambia mgonjwa achague, ama kichwa ama tumbo.

Kona moja ilibaki tupu. Ilikuwa yake, kijiofisi chake nyuma ya ukuta wa kioo.

"Na kwako, mwanangu?" Shangazi akauliza.

"Kwangu hakuna—" Kila asubuhi aliisukuma meza yake kuirudisha ukutani, upana wa vidole viwili. Alikuwa akijiambia kuwa anayeisogeza ni mfagiaji. Ofisi ile haikuwa na mfagiaji, aliifagia mwenyewe. Lakini katika droo ya mkurugenzi kulikuwa na karatasi yake ya ajira ya kudumu, na anayengoja saini hujifunza kutokuona mengi.

Akaandika konani: *meza ya karani inasogea.*

Saa tisa kasorobo alimwekea mkurugenzi ule mchoro mezani.

"Nilisema neno moja."

"Sakafu ndiyo moja, bosi. Imeharibika mahali patano."

Mkurugenzi akaupitia neno kwa neno. Kalamu nyekundu ikatua kwenye ile kona. "Hili lako lifute. Wewe ni mtu wa ofisi." Akaivuta droo kidogo, kiasi cha ile karatasi ya ajira kuonekana ukingo. "Hayo mengine tutayaona nikirudi."

Karani akauchomoa mchoro wake taratibu chini ya kalamu. Wino ukaacha mkwaruzo mwekundu hadi ukingoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mhandisi."

"Bila saini yangu?"

"Wanaokaa juu ya hiyo sakafu watatia zao."

Akapanda tena juu, nao wakatia, wote. "Shukeni basi mningoje uwanjani," aliwasihi. Shangazi akatikisa kichwa. "Tukishuka bila karatasi ya mhandisi, kesho watapanda kumi na tisa wengine. Kimbia, mwanangu."

Mhandisi wa manispaa alikuwa amevua viatu, akipunga hewa kwa jalada. Aliipokea karatasi kivivu, akaisoma, akaacha kujipepea. Kidole chake kiliyapita maneno yote, kikasimama kwenye nguzo.

"Nani kasema inacheza?"

"Mshonaji wa kola. Ameingiza mkasi."

"Umeingia kiasi gani?"

Karani akamwonyesha kwa kidole chake mwenyewe, hadi kwenye kiungo cha pili.

"Na hii meza inayosogea?"

"Ni yangu," akasema. "Mwezi mzima. Sikumwambia mtu."

Mhandisi hakumlaumu, na hilo likamchoma zaidi. "Watu wako wapi sasa hivi?"

"Wapo juu. Wanashona."

Mhandisi alikuwa ameshasimama, mkono ukipapasa funguo juu ya meza, mguu ukitafuta kiatu cha pili huko chini. Kiatu hakikuonekana. Karani akapiga magoti sakafuni kumtafutia.