Laptopu ya Mwalimu Obren

Mwalimu Obren alinifundisha jiografia darasa la saba. Tangu afanyiwe operesheni ya moyo sikuwa nimemwona, mpaka asubuhi ile ya Machi alipoingia kwenye duka langu la kompyuta hapa mjini Trebinje, kakonda, koti linampwaya.

"Nevenka, nipe laptopu. Memori gigabaiti nane."

"Ya kazi gani, Mwalimu?"

"Kuandika barua."

Mji mzima unajua kwamba mzee huyu amepima mapango ya kwetu miaka thelathini na tano, na kwamba ndiye anayeyachora kwenye kompyuta. Flashi ilikuwa inaning'inia shingoni mwake.

"Na hiyo ni barua?"

Akaishika. "Humu mna mchoro wa pango la Golubnjača. Nataka kulipanga vizuri niwaachie vijana wa klabu yetu ya mapango. Daktari kanikataza kushuka. Basi, yameisha."

Nikamwambia ukweli: laptopu hizi nyembamba, memori yake imechomelewa humo ndani. Unayonunua leo ndiyo hiyo hiyo mpaka ife, hakuna kuongeza.

"Mpaka ife yenyewe au nife mimi? Nane inanitosha."

Mlango ukafunguka, akaingia mkewe, Mama Stojanka, katoka sokoni na mfuko wa sukuma wiki.

"Nane? Na ile ya nyumbani unayoitukana kila siku ina ngapi?"

"Nane," Mwalimu akajibu kwa sauti ya chini.

"We Obren, unanunua kompyuta au jeneza?"

Nilicheka, Mwalimu akanikazia macho kama zamani. Nikamwomba flashi, nikaifungua kwenye laptopu ya gigabaiti nane iliyokuwa mezani. Pango likaanza kujitokeza, mlango, kisha ukumbi wa kwanza, halafu picha ikaganda. Kwenye nyingine ya kumi na sita lilifunguka lote, ila ukiligeuza linakwenda kwa kusitasita. Nikachukua yangu ya kazini, yenye thelathini na mbili. Pango likazunguka polepole, kumbi zote nane, mashimo, mto wa chini.

Mama Stojanka aliweka mfuko chini. Miaka yote hiyo alikuwa amefua ovaroli zenye tope la mle ndani. Pango lenyewe hakuwahi kuliona.

"Kumbe ni kubwa hivi," akasema. Kisha akagusa kioo, mahali mchoro ulipokatika. "Na hapa mbele kuna nini?"

"Sijui. Maji yalitufukuza."

"Agosti maji yanakauka."

"Vijana wataingia, watapima."

"Halafu vipimo wampe nani achore? Yule Ratko wenu anayekosea hata njia ya kwake?"

Mwalimu alivuta kiti, akaketi mbele ya mashine yangu, akaligeuza pango huku na huku, akalisogeza mpaka kwenye ule ukingo mtupu. Nilihudumia wateja wawili, bado amekaa palepale.

"Thelathini na mbili unayo?" hatimaye akauliza.

"Ya kuagiza, Mwalimu. Wiki tatu. Ukitaka leo, ipo ya kumi na sita."

Nilidhani ataondoka na ya kumi na sita. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, taratibu.

"Agiza. Nitasubiri."

Mama Stojanka alijidai anatafuta kitu kwenye mfuko wake.

Laptopu ilifika mwezi wa nne. Agosti vijana waliingia Golubnjača, wakapita pale maji yalipokuwa, wakakuta mita mia moja na arobaini ambazo hakuna aliyewahi kuzijua. Siku hiyo Mwalimu alikuwa kaketi kwenye kiti cha kukunja mlangoni mwa pango, laptopu magotini, mwavuli juu ya kichwa. Ratko alipotoka, tope mpaka puani, akampa daftari la vipimo. Mwalimu akaingiza namba, akatazama kioo, akakunja uso.

"Hapa umesoma dira kinyume. Rudi ukapime tena."

"Mwalimu, nimechoka!"

"Nenda, kijana. Mimi nipo, siendi popote."